Protokole wa Kituku na Mbuzi wa Mjomba

Vijana wa mapokezi, mliniomba niwaandikie jinsi ya kumfikisha mgeni salama katika mji huu wa Goma, na mkasema mnataka kanuni. Kanuni mnazo. Zimebandikwa ukutani nyuma ya kaunta, na tangu zibandikwe sijaona mtu akizisoma isipokuwa mgeni mmoja aliyekuwa anasubiri mvua ikatike. Mimi nitawaandikia yaliyonikuta. Sasa nimestaafu, nina muda, na hakuna wa kunikatiza isipokuwa jirani yangu, ambaye hukatiza kila mtu.

Kwa asiyejua, protokole kwetu ni mtu anayempokea msafiri anaposhuka, anamshikia begi, anamfukuzia matapeli na kumfikisha anakokwenda. Nilifanya kazi hiyo kwa nyumba ya wageni iliyo karibu na Kituku, pale boti zinapotua kutoka Minova na vijiji vingine vya ziwa. Kazi ilikuwa na kipimo kimoja tu: mgeni aondoke na vyote alivyokuja navyo. Akiondoka na zaidi, hayo ni yake na dhamiri yake.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Muhindo, mtu wa Butembo, mrefu, mpole, mwenye sauti ya katekista. Aliniambia nisimame kando yake ufukweni nitazame tu, nisifanye kitu. Nikatazama. Boti zilikuwa zinashusha ndizi na makaa, wanawake wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wanagombana na wavuvi, wapagazi walikuwa wanabeba hata watu ambao hawakuomba kubebwa. Niliposhika kichwa changu, kitambaa hakipo. Baadaye kidogo kalamu haipo. Kisha viatu, kwa sababu nilikuwa nimevivua niingie majini kumshika mkono mama mmoja mzee. Jioni nikamwambia Papa Muhindo huku nalia kwamba Kituku kumejaa wezi na kazi hii siiwezi. Akafungua koti lake, akaanza kunirudishia kitu kimoja kimoja.

"Ni miye," akasema. "Batu banaibiwaka wakati beko banashangaa. Leo umeshangaa sana, mama."

Viazi vyangu vya mchana hakurudisha. Alisema hivyo ni ada ya shule.

Papa Muhindo ndiye aliyenifundisha mengi ya yale mnayoyaona ukutani. Begi livaliwe mbele, si mgongoni. Simu ikilia barabarani, usipokee. Ingia dukani, salimia, zungumza, toka. Ukipotea, usimwulize kijana aliyesimama bila kazi. Mwulize mama aliyekaa na bidhaa zake chini, kwa sababu yeye hawezi kukimbia na begi lako. Nyanya zake atamwachia nani? Mzigo usipande pikipiki moja na mwenyewe akapanda nyingine, hata dereva akikuapia kwa jina la mama yake. Na mgeni asionyeshe alichobeba. Hilo la mwisho alilirudia kila siku, na hata mimi nikawa nalirudia kwa wageni mpaka nikawa nalisema usingizini, kama alivyolalamika marehemu mume wangu.

Vyombo vyetu havikuwa vingi. Tulikuwa na filimbi, kamba, kufuli kadhaa, na kibao cha kuinua juu chenye jina la mgeni. Kibao kilitusumbua. Kwa kuwa nyumba ilikuwa inampa kila mgeni chai ya bure akifika, ukiinua jina la Papa Bernard, asubuhi moja unaweza kupata Papa Bernard watatu, wote wenye njaa, na mmoja wao mwanamke. Papa Muhindo akaacha kuandika majina. Akachora birika, na kila mgeni akaambiwa kwa simu atafute birika. Juma lililofuata kulikuwa na birika nne ufukweni. Mojawapo ilichorwa vizuri kuliko yetu, na nasikia wageni walioifuata walifika salama kabisa, ila kwa nyumba nyingine.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka Bukavu, mama mwenye hofu kubwa ya wezi, aliyekuja na kufuli zake mwenyewe. Alifunga sanduku kwa kufuli, akafunga mkoba kwa kufuli, akafunga hata mwavuli. Ndani ya boti akaona haitoshi, akalifunga sanduku kwenye benchi kwa mnyororo ili mtu asimwibie njiani. Boti ilipotua akashuka kunisalimia, tukakumbatiana, tukaulizana habari za safari. Tulipogeuka, boti ilikuwa imejaza abiria wengine na kurudi ilikotoka, na sanduku ndani yake, limefungwa barabara. Lilikwenda na kurudi mara kadhaa kabla hatujalipata. Hakuna aliyeliiba, hilo nalisema kwa haki. Wezi walijaribu, wakashindwa, na mmoja wao alinijia kulalamika.

Lakini kesi ninayotaka kuwaachia ni ya mwaka wangu wa mwisho kazini, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Kulikuwa na kijana anaitwa Innocent, fundi wa kuchomea vyuma kule mtaa wa Ndosho. Baba yake, Muzee Serugendo, alikuwa mfugaji wa ng'ombe katika vilima vya Masisi, upande wanakoshukia Minova kupanda boti ya kuja mjini. Innocent alikuwa amempenda msichana wa mtaa wa Katoyi anayeitwa Kavira, na watu wa Kavira wametoka Butembo. Kwa upande wa Innocent, mahari inazungumzwa kwa ng'ombe. Kwa upande wa Kavira, inazungumzwa kwa mbuzi. Wakakubaliana mbuzi, wakamaliza vizuri, likabaki jambo moja tu: mbuzi wa mjomba. Huyo ni mbuzi wa kaka wa mama wa bibi harusi, na asipofika, yote yaliyotangulia ni maongezi ya watu wanaosubiri chakula.

Mjomba aliitwa Papa Kakule. Mbuzi wa kwanza Innocent alimnunua sokoni hapa mjini, akamtuma. Papa Kakule akamrudisha. Alisema mbuzi wa soko anaweza kujinunulia mwenyewe, yeye anataka mbuzi anayetoka kwa watu. Mbuzi wa pili alikuja kwa boti na binamu wa Innocent. Binamu alishuka Kituku, akageuka kumsalimia mtu anayemjua, na Kituku hapo panatosha. Alifika Katoyi ameshika kamba tupu. Papa Kakule aliitazama ile kamba, akaingia ndani akalala.

Alipoamka akasema ni mara ya mwisho. Aje baba wa kijana mwenyewe, na mbuzi wake, Jumamosi kabla ya kula mchana. Asipofika, Jumapili yeye anarudi Butembo na Kavira anarudi naye. Kusema kweli sikumlaumu. Kavira alikuwa yatima, mjomba ndiye aliyemlea, na mtu aliyelea mtoto wa dada yake ana haki ya kuogopa kumwoza kwa watu wanaomwona mbuzi kama kitu cha kuchezea.

Ijumaa Kavira akaja mapokezi. Alikaa kwenye lile benchi letu bovu, akavuta uzi wa sketi yake mpaka nikaogopa sketi itafumuka yote. Kisha akasema, "Mama Esperansi, miye sipendi kurudi Butembo." Nilimwonea huruma mpaka nikakosa hamu ya kula.

Innocent alitakiwa akae Katoyi na wakwe, akaniomba mimi nimpokee baba yake Kituku, na jioni hiyo nikampigia simu Muzee Serugendo, nikampa maneno yale ninayompa kila mgeni. Kitu cha thamani kishike mwilini mwako. Kifunike. Usimwonyeshe mtu yeyote umebeba nini. Mtu akikuuliza, jibu kwa kifupi, endelea na safari.

"Nimesikia vizuri, mama," akasema. "Yote nitafanya."

Mimi nilikuwa namwambia habari za simu na pochi. Yeye alikuwa anasikia habari za mbuzi.

Jumamosi boti ikatua. Nikainua kibao changu cha birika. Akashuka mzee mmoja mrefu, koti refu, kofia ya heshima, fimbo mkononi, na mgongoni amefunga kitenge cha maua mekundu kama wanavyofunga akina mama. Ndani ya kitenge kulikuwa na kitu kimejikunja, kimevishwa kofia ya sufu ya mtoto mchanga, imevutwa mpaka usoni. Nikamsalimia, nikatazama nyuma yake, nikatazama ndani ya boti.

"Muzee, na mbuzi iko wapi?"

Akaangalia kushoto na kulia, akaniinamia sikioni. "Njo huyu."

Nilimwambia basi tupande pikipiki upesi. Akakataa. Alizitazama zile pikipiki zilizopangwa barabarani, akatazama sukani zake zilivyochomoza huku na huku, akasema tangu azaliwe hajapanda kitu chenye pembe ambacho hajakilisha mwenyewe. Nikamsihi. Akasema mjomba ametaka mbuzi afikishwe na baba, hakusema afikishwe na motari wa pikipiki. Basi tukaanza kutembea kwenda Katoyi, kupitia Ndosho.

Wenzangu, nimepita Ndosho na wageni wa kila namna. Nimepita na mwanamuziki aliyevaa viatu vya dhahabu. Sijawahi kutazamwa namna ile. Kwetu mzee wa fimbo na kofia habebi mtoto mgongoni, kwa hiyo kila mtu alisimama. Vijana wa chukudu, wale wanaosukuma mizigo kwa baiskeli za mbao, walisimama na viazi vyao katikati ya njia. Akina mama walimpisha. Mmoja alitoa machozi akamwambia mume wake, "Uone mwanaume!" na mume akaniangalia mimi kwa chuki kana kwamba nimemkosea. Simu zilikuwa zinatupiga picha pande zote. Tulikuwa tumemficha mbuzi vizuri sana, ila sasa mji mzima ulikuwa unatutazama.

Na mbuzi akalia.

Alilia mara moja tu, kwa sauti nyembamba, chini ya kofia. Mama mmoja anayeuza ndizi akainuka.

"Papa, mutoto yako iko na mafua."

"Ndiyo," akasema Muzee Serugendo, kwa kifupi kama nilivyomfundisha.

"Sasa mama yake iko wapi?"

Muzee Serugendo ni mtu asiyeweza kusema uongo. Nilimjua kwa saa moja tu, na hilo nililiona. Akafikiri kidogo, akajibu, "Alibaki kule kwetu. Iko anakula majani."

Mama wa ndizi akasogea aone uso wa mtoto. Muzee akageuka upande. Akasogea tena, muzee akageuka tena, wakazungukana hivyo kama wanaocheza, mpaka akaona sikio. Nadhani aliona sikio tu, kwa haraka, refu na lenye manyoya. Akapiga ukelele.

"Beko bamuiba mutoto! Na bamemuaribu masikio!"

Hapo sikucheka, na hata leo nikikumbuka sehemu hiyo sicheki. Mnajua ninyi umati wa mji huu unavyoanza. Neno la mwizi wa watoto likitoka, mawe huinuliwa kabla ya maswali, na mawe kwetu Goma hayatafutwi, tunayakanyaga. Walitufunga kila upande. Nilimwona kijana mmoja ameshika jiwe jeusi la volkano. Nikapuliza filimbi kuita msaada. Watu waliokuwa bado hawajasikia wakaja kuona kuna nini.

"Ni mbuzi!" nikapiga kelele. "Batu ya Mungu, ni mbuzi!"

Wakakasirika zaidi. Mama mmoja alilia kabisa akiuliza ni roho gani hiyo inayomwita mtoto wa watu mbuzi. Nikamshika Muzee Serugendo mkono, nikamwambia amfungue. Yeye akatikisa kichwa, kwa sababu nilimwambia asionyeshe. Nikafungua kile kitenge mimi mwenyewe. Mbuzi akaanguka kwa miguu yake minne, akajikung'uta, akasimama katikati ya Ndosho na kofia ya sufu kichwani.

Kisha mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, yule wa jiwe akaliweka chini taratibu kana kwamba ni yai. Nikajua tumepona. Nikaanza kukunja kitenge.

"Ngoja kwanza," akasema mtu mmoja mwembamba. "Kama ni mbuzi yako, juu ya nini unamufichaka?"

Kicheko kikakatika. Swali lilikuwa zuri, hilo ndilo lililoniudhi. Nikaeleza kwamba tumemficha asiibiwe. Yule mwembamba akawageukia watu, akawaambia kwamba ni wezi tu wanaoficha mbuzi, na kwamba yeye mwenyewe alipotelewa na mbuzi Jumapili, wa rangi hiyohiyo. Mtu mwingine akakumbuka kwamba hata yeye amepotelewa. Wa tatu alisema wake hakupotea ila angependa kumtazama kwa karibu. Kwa hiyo, kwa kufuata kanuni za kujikinga na wezi, tulikuwa tumeshakuwa wezi mara mbili kabla ya saa sita, na kule Katoyi masufuria yalikuwa jikoni.

Akaletwa chef wa avenyu, yaani mkubwa wa mtaa ule. Alikuja na kiti chake cha plastiki, akakaa, akamtazama mbuzi, akatazama kofia, akaomba aelezwe habari ya kofia. Akaelezwa. Akasema katika kazi yake amesikia mengi. Kisha akatoa hukumu ambayo mpaka leo naiona ni ya akili: kila anayedai amwite, na mbuzi atajua wake.

Yule mwembamba akamwita kwa mluzi. Mbuzi alikuwa anakula ganda la ndizi, akaendelea. Wa pili akamwita kwa jina la Zawadi. Mbuzi akahamia ganda lingine.

"Na weye muzee?"

Muzee Serugendo alisimama pale, jasho linamtiririka, mikono haijui pa kukaa. "Chef," akasema, "miye ni mutu ya ng'ombe. Mbuzi sijuake namna banamuita."

Watu wakaguna. Katika mawazo yangu nikaona Kavira amepanda gari la Butembo. Nilimwona waziwazi, na sketi yake.

"Mwite namna unajua," nikamwambia.

Akavua kofia yake. Akanyoosha mikono juu, upana wa pembe, kama wanavyofanya wafugaji wakisifu ng'ombe kwenye harusi zao. Akaanza kwa Kinyarwanda cha kwao. Mimi nakisikia, kwa hiyo niliyasikia yote. Alimwita mrembo wa malisho, mwenye pembe zinazogusa ukungu, na pembe zenyewe zilikuwa kama vidole gumba. Alimwita mama wa maziwa mengi, na alikuwa beberu. Alisema amevuka ziwa bila kuomba maji, amepita katikati ya mawe bila kulia, na kwamba nyumba itakayompata itang'aa. Woga ulikuwa umemwisha. Hata madereva walizima pikipiki wasikilize.

Mbuzi akaacha ganda la ndizi. Akamwendea mzee, akapita kando yake, akamzunguka nyuma, akasimama akiutazama mgongo wake. Akalia. Alikuwa anasubiri kubebwa.

"Kesi imeisha," akasema chef, akainuka na kiti chake. Yule mwembamba alikuwa ameshaondoka.

Hapo nikamwona mtu aliyesimama nyuma ya umati, mzee mfupi wa koti la kahawia, ameshika mwavuli. Alikuwa Papa Kakule. Alichoka kusubiri akatoka Katoyi kwa miguu, na alipoona watu wamejaa akasimama kutazama kama mtu mwingine yeyote. Alikuwa pale tangu wakati wa mawe. Sasa akapita katikati ya watu mpaka mbele ya Muzee Serugendo.

"Papa," akamwambia, "tangu Kituku ulimubeba?"

"Tangu Kituku."

"Mu mugongo?"

"Mu mugongo." Muzee Serugendo alishindwa kumtazama. "Unisamehe. Niliogopa banamuiba tena. Na alikuwa analia ndani ya boti."

Papa Kakule akakohoa, akatazama pembeni, akajifuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akampa mama wa ndizi mwavuli amshikie. Akachukua kile kitenge mkononi mwangu, akanigeuzia mgongo, akainama.

"Mama, unifunge," akasema. "Kutoka hapa, miye njo namubeba."

Nikamfunga mbuzi mgongoni mwa mjomba, fundo likakaa kifuani, kofia ya sufu nikaivuta vizuri juu ya masikio. Tukaenda Katoyi hivyo, wazee wawili mbele wakiwa wameshikana mikono, nusu ya Ndosho nyuma yetu ikiimba. Kavira alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa safari miguuni. Alimtazama mjomba wake, akatazama kofia, akaushika mkoba akaurudisha ndani.